Kuikomboa Simu ya Baba

Mtani wa baba aliichukua simu siku ya msiba, mbele ya macho yetu wote, na hakuna aliyemzuia. Ndivyo inavyotakiwa. Baba alikuwa Mnyamwezi, mtani wake ni mama wa Kizaramo, na kati ya makabila hayo mawili kuna utani wa zamani ambao kazi yake kubwa ni msibani. Wafiwa mmekaa mkekani macho yamevimba, mtani anaingia amevaa nguo za marehemu, anamwiga sauti, anautukana ukoo mzima, na anajibebea chochote kinachompendeza. Kitu hicho hukidai palepale. Unangoja matanga yaishe, halafu unamfuata kwake na zawadi kidogo, unakikomboa, mnacheka, mnakunywa chai.

Siku ile alivaa kanzu ya baba, ikamburuza chini kwa sababu yeye ni mfupi, na kofia yake ya kufuma, na miwani yake. Akapita katikati ya wanawake akikohoa kile kikohozi cha baba, kifupi, cha mtu anayeomba apishwe. Nilicheka nikiwa nalia, na sijui mpaka leo kipi kilitangulia. Kisha akaiona simu ya baba juu ya kabati, akaitia mfukoni mwa kanzu, akatangaza kwamba marehemu amemrithisha. Tukampigia vigelegele.

Ilikuwa simu janja nzuri, kaka yangu aliinunua Dar es Salaam akamtumia baba. Baba, aliyekuwa fundi bati wa ndoo na makarai, aliishika kwa mbali na vidole vyake vikubwa akiogopa kuiumiza. Kazi yake kubwa ilikuwa kutazama picha za wajukuu. Alikuwa akizitazama mchana, chini ya dirisha, mpaka simu inazimika yenyewe na yeye anasinzia.

Kusinzia nimerithi kwake. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule barazani kwetu hapa Gongoni, Tabora, na nina ugonjwa ambao dawa yake sijaipata: ikifika ile miezi ya joto kabla ya mvua, nikikaa kwenye cherehani mchana, akili inaondoka. Miguu inakanyaga, sindano inakwenda, mwenyewe sipo. Mara nyingi huwa nimeifuata barabara ya zamani ya misafara ya wapagazi. Baba alipenda kuionyesha kwa kidole: imeingia kule, ikapita hapa, ikashika njia ya Ujiji. Kidole chake kilipoelekea mimi niliona pikipiki na maduka ya vocha. Lakini nikiwa katika usingizi ule wa macho wazi naiona barabara yenyewe, nyembamba, nyekundu, na wanaume wanatembea kimya na mizigo mabegani. Siwaoni wakizungumza mambo makubwa ya historia. Wanazungumza habari ya miguu inayouma, na nani leo atapika.

Utani wetu, baba alisema, ulitoka kwenye barabara hiyo. Mababu zetu walibeba mizigo kwenda pwani, wakawa wanapita kwa Wazaramo wamechoka na wana njaa. Wakagombana nao, wakapigana, na mwisho wakachoka kupigana wakaamua kuchekana. Wengine wana maelezo mengine, lakini hayo ndiyo niliyolelewa nayo. Kwa hiyo mtani wa baba hakuwahi kutuita kwa majina. Sisi kwake ni wapagazi.

Mama huyo alikuja Tabora akiwa mke wa mfanyakazi wa reli, mume akafa, yeye akabaki, akawa anapika vitumbua kwake Chemchem na kuvitembeza asubuhi mpaka kwetu. Watoto hakujaliwa. Beseni lake lilikuwa halijafika barazani, sauti imeshafika.

"Wapagazi! Mmelala mpaka saa hizi, mizigo ya watu abebe nani?"

Baba alikuwa akimjibu kutoka ndani, "Mzaramo, huko kwenu ngoma zimekwisha? Au mmeshauza kiwanja cha kuchezea?"

Hapo ndipo nyumba yetu ilipokuwa inaamka. Baba alipokufa niliichukua mimi kazi ya kujibu, kwa sauti ndogo mwanzoni, halafu nikazoea. Nakiri kwamba asubuhi ambayo hakupita, siku nzima nilishona kombo.

Arobaini ilipopita nikaenda kuikomboa simu. Nilichukua doti ya khanga na asali kwenye chupa, nikaenda Chemchem kwa miguu. Aliizungusha ile khanga, akasema rangi yake ni ya kufungia mizigo, akaionja asali, akasema nyuki wa Unyamwezi ni wavivu mfano wa wenyewe. Ndipo akaitoa simu, ameifunga kwenye leso safi. Chaji ilikuwa imekwisha siku nyingi.

"Sijaiwasha tangu siku zile za msiba," alisema. "Na hiyo siku niliyoiwasha nilimpa mtu dozi yake!" Akacheka peke yake. Sikumuuliza ni nani. Watani wana mambo mengi.

Tukaichaji palepale. Picha za wajukuu zikarudi, moja baada ya nyingine, na tukazitazama tumeegemeana mabega. Nilitaka simu hiyo niitumie mimi, niwe naziona kila siku. Nikatoa laini kwenye kitochi changu, simu yangu ndogo ya vibonyezo, nikaiweka humo. Alama ya mtandao haikupanda. Nikazima, nikawasha. Pale juu pakaandika huduma za dharura tu.

"Imesusa," mtani akasema. "Haitaki kubebwa na mpagazi. Twende kwa fundi, na mimi nakuja, nikaone aibu yako."

Fundi simu niliyemzoea ana meza yake kwenye kibaraza kimoja Gongoni, mtu mzima, miwani yake imeshikwa na uzi. Ni mgeni kwetu kidogo, hana miaka mingi Tabora. Ana desturi moja ambayo hamwachii mtu: simu yoyote iliyotoka mkono wa pili, haifungui, haigusi bisibisi, mpaka aihakiki.

"Hata kama umepewa na mama yako mzazi," aliniambia, "kwanza tuiulize ilikotoka."

Akabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Kwenye kioo ikatokea ile namba ndefu ambayo kila simu inazaliwa nayo, ya tarakimu kumi na tano. Akanisomea nikaiandika kwenye simu yake ndogo, akaituma kwenye huduma ya kuhakiki, akaiweka simu mezani, tukangoja.

Ni muda mfupi sana, lakini kwangu mimi ulikuwa mrefu, kwa sababu joto lilikuwa lile lile la kuniondoa akili. Niliuona ujumbe wetu ukitoka Gongoni ukashika njia ya mashariki, ukavuka mbuga na pori, ukapita Ugogo, ukashuka mpaka pwani. Mababu walikwenda huko miezi na miezi, wengine hawakurudi. Ujumbe wetu ulikwenda ukarudi kabla mtani hajamaliza kupanga mikunjo ya mtandio wake. Simu ndogo ikalia.

Fundi akasoma, akasoma tena, kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ni kubwa, "Hii imefungiwa. Imeripotiwa kuibwa. Hakuna laini itakayoshika humu, hata uweke ya mtandao gani."

Barazani palikuwa na watu wengine wanaongoja simu zao. Wakageuka wote.

"Umeipata kwa nani?" fundi akaniuliza.

Mtani akaanza kucheka. Akapiga kifua. "Kwangu mimi! Ndiyo, mwizi ni mimi hapa! Nimemwibia marehemu, na kanzu nikamvua!"

Nami nikacheka, kwa sababu ndivyo tunavyofanya. Lakini tulicheka wawili tu. Fundi hakucheka. Aliisukuma ile simu kwa ncha ya kidole mpaka ukingoni mwa meza, upande wetu, akasema hawezi kukaa na kitu cha namna hiyo kwenye biashara yake, tumwelewe. Mwanamke mmoja akavuta mkoba wake akauweka mapajani.

Mtani aliuona ule mkoba ukivutwa. Kicheko kikamkauka mdomoni. Alinitazama, na nikajua anangoja niseme jambo, na jambo lenyewe sikuwa nalo, kwa sababu sikuelewa nani ameripoti nini. Nikaanza kueleza utani, msiba, kanzu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo lilivyozidi kuonekana jambo la kutungwa. Nilipogeuka alikuwa ameshashuka barazani. Alikwenda zake polepole, amejifunika mtandio hadi kwenye paji la uso, na mimi kumwita mtu mzima barabarani mbele ya watu nikashindwa.

Nikarudisha laini kwenye kitochi, nikampigia kaka papo hapo.

"Kaka, simu ya baba uliiripoti?"

"Niliiripoti. Boksi lake ninalo mimi, namba zote zipo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu iliibwa."

"Nani alikwambia imeibwa?"

"Mwizi mwenyewe," akasema.

Siku ya mazishi kaka alikuwa amelazwa Dar, ametoka kupasuliwa kidole tumbo, ndiyo maana hakuja. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba jioni ile, kitandani hospitalini, alipiga namba ya baba. Hakuwa na sababu, alisema. Alitaka tu iite. Ikapokelewa.

"Mdogo wangu, alikohoa. Kikohozi cha baba. Halafu akaniambia kwa sauti ya baba, 'We mvivu, wenzio wameshanizika, wewe umelala.' Akacheka akakata. Na mimi nilikuwa nimelala kweli, nina mshono tumboni. Mtu ameiba simu ya maiti, halafu ananifanyia hivyo? Nilipoweza kusimama tu, nikaenda polisi, nikachukua hati, nikaifungisha simu na laini yake."

Hasira zangu ziko karibu, hazihitaji kuitwa mara mbili. Nikampigia kelele nimesimama juani.

"Huyo ni mtani, mjinga wewe! Mtani wa baba! Aliona jina lako kwenye kioo ndiyo maana akakutukana! Asingekutukana ndiyo ungesema hakukujali!"

Kaka alitoka Tabora kwenda shule ya bweni akiwa mdogo, kisha chuo, kisha kazi. Utani anaujua kama anavyojua nyimbo za shule, yaani anaukumbuka mwanzo wake tu.

"Hata kwenye simu?" akauliza.

"Popote."

Nikasikia anahema. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tangu tukiwa watoto, "Nilidhani baba amenilaumu. Nikaona afadhali awe mwizi." Hasira zote zikanitoka nikabaki na kitochi mkononi.

Kuifungulia simu kulimchosha kaka, kwa sababu aliyeripoti ndiye anayetakiwa kwenda kueleza kwamba kitu kimepatikana, na kitambulisho, na ile hati, na boksi. Alikwenda. Akaambiwa angoje. Mimi huku nikawa kila asubuhi naweka laini, natazama pale juu, natoa. Asubuhi moja alama za mtandao zikapanda zote. Nilidhani mambo yamekwisha. Niliacha cherehani, nikakimbilia Chemchem nimeishika simu mbele yangu.

"Mzaramo!" nikaita mlangoni. "Njoo uone, mzigo umefika!"

Alitoka akijifuta mikono. "Karibu, mwanangu," akasema. "Karibu ndani. Habari za nyumbani?"

Mwanangu. Hajawahi kuniita hivyo hata siku moja. Nikamwonyesha simu, nikamweleza yote, kaka, hospitali, kikohozi. Alinisikiliza vizuri sana. Akasema alhamdulillahi, amefurahi, na kaka nimpe pole ya operesheni. Akanitilia chai kwenye kikombe cha wageni, chenye kisahani. Nikamwambia chai yake ina maji mengi mithili ya bahari kwao. Akaniomba radhi, akaniongezea majani. Nikainywa ile chai nimeinamisha kichwa.

Hivyo ndivyo tulivyoishi baada ya hapo. Kwetu hakupita tena. Vitumbua alivitembeza upande mwingine, na huko nako nikasikia watu wanaulizana kama ndiye yule mama aliyekutwa na simu ya wizi. Nikaenda kwa fundi nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba amemharibia mtu jina. Akavua miwani akaifuta. "Mama, mimi nilisoma kilichoandikwa," akasema, na huo ulikuwa ukweli, ndiyo maana nilizidi kuudhika. Nikikutana na mtani sokoni alinisalimia kwa upole na kunisifia gauni. Watu waliona mwanamke mwenye adabu. Mimi niliona mlango umefungwa kwa ndani. Mchana, kwenye cherehani, nilipoifuata ile barabara nyekundu, wale wanaume walipita Uzaramo na hakuna aliyewatupia neno. Walipita tu, wakapewa maji, wakashukuru.

Nikamwandikia kaka ujumbe: simu imepona, mtani hajapona. Njoo.

Akaja na treni. Nilimpokea stesheni asubuhi, amekonda, na safari ya kwanza tulikwenda makaburini, kwa sababu kaburi la baba alikuwa hajaliona. Alisimama pale muda wake nikamwacha. Kutoka hapo hatukupita nyumbani. Tulikwenda Chemchem.

Mtani alikuwa uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nazi zinakuja Tabora kwa safari ndefu na bei yake inajua hivyo, lakini kitumbua bila nazi kwake si kitumbua. Alipotuona akainuka, akafuta kiti akampa kaka, akanitandikia mimi mkeka. Kaka akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamuuliza mshono umepona? Watoto wanasoma vizuri? Kaka akaanza kuomba msamaha. Alikuwa ameupanga njiani, nadhani, maana ulikuwa na mwanzo na mwisho. Mtani akamwacha amalize.

"Nimekusamehe zamani, baba," akasema. "Wewe hukujua. Lakini wacha niwaambie, maana mmekuja wenyewe. Mimi hapa Tabora sina ndugu. Mume wangu mlimzika nyinyi, na marehemu baba yenu alivaa kofia yake ya reli akapuliza filimbi uani mpaka nikacheka, nikiwa na eda yangu. Nikasema moyoni, hata mimi siku yangu sitaondoka kimya. Wapo wapagazi wangu, watakuja kunifanyia fujo." Akakusanya chembe za nazi zilizomwagika, moja moja. "Sasa mtu aliyekwisha kuitwa mwizi, nani atakuja kumchezea msiba? Watu wataogopa kugusa hata kijiko. Nitazikwa kwa adabu."

Nililia. Sikujificha. Kaka alikaa anatazama chini, viganja vimekutana katikati ya magoti, na nikamwomba Mungu asianze tena hotuba yake.

Hakuanza. Aliinuka. Akaenda pale alipokuwa mtani, akainama, akaichukua ile mbuzi ya nazi, akaikung'uta, akaitia kwapani. Akapita katikati yetu, akavuka ua, akafungua mlango wa bati, akatoka nayo barabarani, mwanamume mwenye shati la ofisini na viatu vya Dar.

Mtani alibaki kinywa wazi, kipande cha nazi mkononi. Kisha nikauona uso wake unafunguka.

"Mwizi!" akapiga ukelele, ukelele wa kuitia mtaa. "Mwizi jamani! Mpagazi ananiibia mchana kweupe!"

Alikwishatoka mlangoni, mtandio umemwangukia mabegani, anakimbia kwa miguu yake mifupi. Majirani wakatoka. Kaka kule mbele aliongeza mwendo, kisha akaanza kukimbia kweli, ameshika tumbo lenye mshono.

"Kimbia! Kimbia, mvivu!" mtani akamfokea, na alikuwa anacheka mpaka akashika ukuta wa nyumba ya jirani. "Nakujua kwenu! Kesho asubuhi nakuja kuikomboa, na ole wenu nikute hamjaamka!"

Akanigeukia mimi. "Na wewe umesimama nini hapo? Nenda ukamsaidie kubeba!"

Nikaenda. Njiani nilisimama dukani nikanunua sukari ya chai ya kesho.